Simiti Haina Dhehebu

Mwezi wa Septemba, mito mingi ya Kitui na Makueni si mito. Tiva, Nzeeu, Thua, Kaiti: majina yako kwenye ramani, yamechorwa kwa bluu kabisa, lakini ukifika unapata barabara pana ya mchanga, nyayo za mbuzi, kinyesi cha punda, na mashimo ambayo watu wamechimba kutafuta maji. Fuata mkondo huo na mara kwa mara utakutana na ukuta. Ni ukuta wa mawe na simiti, umekatiza mto kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na nyuma yake mchanga umejaa hadi juu. Kwa kuuangalia tu huwezi kujua kwamba ni mojawapo ya kazi kubwa zaidi ambazo Wakristo wa nchi hii wamewahi kufanya pamoja.

Sisi wa mjini tumezoea umoja wa makanisa kama habari ya saa moja jioni. Maaskofu wamesimama nyuma ya maikrofoni, mmoja anasoma taarifa, wengine wanatikisa vichwa. Kesho yake kila mtu amerudi kwake. Ukambani kuna historia nyingine ya umoja, na haiko kwenye taarifa. Iko kwenye mito. Ili kuielewa inabidi turudi nyuma kidogo, hadi siku ambapo Injili ilifika huku ikiwa tayari imegawanywa vipande.

Mzungu wa kwanza kuhubiri Kitui alikuwa Johann Ludwig Krapf. Alifika mwaka wa 1849 kwa mwaliko wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa misafara, na ilikuwa kutoka Kitui, Desemba ya mwaka huo, kwamba aliuona Mlima Kenya. Mwaka wa 1850 tafsiri yake ya Injili ya Marko kwa Kikamba ilichapwa Ujerumani. Sasa angalia vizuri: Krapf alikuwa Mjerumani wa malezi ya Kilutheri, lakini alitumwa na CMS, chama cha Waanglikana wa Uingereza. Yaani hata mtu wa kwanza alikuwa mchanganyiko. Ila mchanganyiko huo haukudumu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Walutheri kutoka Bavaria walifungua kituo Ikutha, kusini mwa Kitui, na muda mfupi baadaye kazi yao ikachukuliwa na misheni ya Leipzig, ambayo ilifungua pia Mulango. Upande wa Makueni, Desemba 1895, kijana Mskoti aliyekulia Marekani, Peter Cameron Scott, alipiga kambi Nzaui. Hicho ndicho kilikuwa kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission. Mwaka mmoja baadaye Scott alikuwa amekufa kwa homa. Misheni yake haikufa; leo tunaijua kwa jina la AIC.

Kabla hawajazoea hata hali ya hewa, ikaja njaa. Wakamba huzipa njaa majina, kama vile wengine wanavyozipa dhoruba. Ile ya 1897 hadi 1899 waliiita Ngomanisye, njaa iliyokumba kila mahali kwa pamoja, na ilikuja na ndui wakati mifugo ilikuwa imeshafagiliwa na sotoka. Watu wengi sana walikufa. Vituo vya misheni vikawa mahali pa kupata chakula na pa kuacha yatima. Kwa hiyo tangu mwanzo, kwa Mkamba wa kawaida, swali la dini na swali la chakula vilikuwa vimekaa kwenye kiti kimoja. Huyu mgeni anahubiri, sawa. Je, mvua ikikosa atakuwa wapi?

Halafu Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza. Wajerumani wakawa maadui wa serikali, wamishonari wa Leipzig wakaondolewa, na vituo vyao vya Ukambani vikaingia mikononi mwa AIM. Mkristo wa Mulango alilala Mlutheri akaamka mtu wa AIM, na hakuna aliyemwuliza. Dhehebu lake lilibadilishwa na vita vya Ulaya. Ukitaka kujua kwa nini bibi yako ni wa kanisa fulani na si lile lingine, mara nyingi jibu si la kiroho hata kidogo. Ni suala la nani alifika kwanza kwenye kilima gani.

Wamishonari wenyewe waliuona huu upuuzi. Juni 1913 walikutana Kikuyu, pale Thogoto, Waanglikana, Wapresbiteri wa Scotland, Wamethodisti, AIM na wengine, wakajadili kuunda shirikisho. Mwisho wa mkutano Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Meza ya Bwana ndani ya kanisa la Waskoti, na watu wa madhehebu tofauti wakashiriki. Jambo dogo, utasema. Kumbe! Frank Weston, askofu wa Kianglikana wa Zanzibar, aliwashtaki Peel na mwenzake Willis wa Uganda kwa uzushi, na mzozo ukafika hadi kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Uamuzi ulipotoka ulikuwa wa kupepesa macho kiasi kwamba Waingereza waliutania: ati ibada ile ilimpendeza Mungu sana, na isirudiwe tena kamwe.

Somo la Kikuyu lilikuwa wazi. Kwenye meza ya ushirika hawakuweza kukaa pamoja, lakini nje ya kanisa waliweza. Mwaka wa 1918 wakaunda muungano wa misheni za Kiprotestanti, na mwaka wa 1926 muungano huo ukafungua shule ambayo mpaka leo inabeba jina lake, Alliance. Wazo hilo hilo lilikuwa likizunguka duniani. Mwaka wa 1925 Askofu Mkuu wa Sweden, Mlutheri Nathan Söderblom, aliwaita viongozi wa makanisa Stockholm wazungumze kuhusu umaskini, kazi na amani, kwa imani kwamba mafundisho hugawanya na huduma huunganisha.

Ni wazo tamu. Shida ni kwamba huko kijijini halikufika. Katika mabishano ya Kikuyu na Stockholm, Mwafrika alizungumziwa zaidi ya alivyozungumza. Ukambani kulibaki na mipaka: bonde hili la AIM, ng'ambo ile ya Wakatoliki, na watoto wakifundishwa kuogopana. AIM yenyewe iliweka kuhubiri mbele ya elimu, na wazazi waliotaka shule walichoka kungoja. Aprili 1945 Simeon Mulandi na wenzake wakaanzisha Africa Brotherhood Church, ABC, ambayo makao yake makuu yako Mitaboni, Machakos. Jina lenyewe ni hoja: udugu. Walikuwa wanasema kwamba wamechoka kuwa wafuasi wa ugomvi wa watu wengine. Cha kuchekesha, au cha kusikitisha, ni kwamba ili kuutafuta udugu huo ilibidi waunde dhehebu lingine.

Lakini Wakamba walikuwa na udugu wa aina nyingine kabla ya kanisa lolote. Unaitwa mwethya. Mtu akiwa na shamba la kulima au nyumba ya kujenga, aliita majirani, wakaja na majembe yao, yeye akapika. Kesho ilikuwa zamu ya mwingine. Hakuna aliyelipwa na hakuna aliyesahau nani alikosa kuja. Serikali ya mkoloni ilijaribu kuchukua desturi hiyo na kuigeuza kazi ya kulazimishwa ili kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Watu walipinga. Serikali hiyo hiyo ilikuwa imejaribu kuwapunguzia ng'ombe mwaka wa 1938, na Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya Wakamba hadi Nairobi wakapiga kambi huko kudai ng'ombe wao. Hawakuwa watu wa kuambiwa tu. Ila pale vikundi vilipochagua viongozi wao wenyewe na kuamua wachimbe shamba la nani, mwethya ulirudi na nguvu. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika utafiti waliochapisha mwaka wa 1994, walionyesha kwamba katika eneo la Machakos ya zamani, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake, idadi ya watu iliongezeka mara kadhaa tangu miaka ya 1930 na bado mmomonyoko ukapungua. Matuta ya fanya juu unayoyaona kutoka dirisha la matatu ukielekea Wote ni jasho la mwethya.

Sasa weka hivyo viwili pamoja: makanisa yaliyogawanyika, na desturi ya kazi isiyouliza unasali wapi. Kilichobaki ni tatizo kubwa la kutosha kuvikutanisha. Tatizo hilo lilikuwa na jina lake tayari. Mwaka wa 1961 ilikuwa njaa ya ndeke, kwa sababu chakula cha msaada kilidondoshwa na ndege. Mwaka wa 1984 ikaja Nikw'a Ngwete, maana yake nakufa nikiwa nimeshika. Umeshika nini? Pesa. Mtu alikuwa na doh mfukoni na duka halikuwa na unga. Jina hilo peke yake ni somo la uchumi. Liliwaambia watu kwamba kutuma pesa nyumbani kutoka Nairobi hakutoshi, na kwamba chakula cha msaada kitakuja kikiwa kimechelewa. Lazima maji yabaki kijijini.

Hapo ndipo ukuta unaingia. Bwawa la mchanga halikuvumbuliwa na kanisa. Machache yalijengwa Ukambani miaka ya 1950 chini ya mpango wa serikali ya kikoloni. Fizikia yake ni rahisi na nzuri mno. Unatafuta mahali ambapo mwamba uko karibu na uso wa mto. Unajenga ukuta juu ya mwamba huo. Mvua ikinyesha, mto unafurika kwa saa chache, unabeba mchanga na udongo. Mchanga ni mzito, unazama nyuma ya ukuta; udongo mwepesi unapita juu na kwenda zake. Baada ya msimu mmoja au kadhaa umejaa. Katikati ya chembe za mchanga kuna maji, hadi thuluthi ya ujazo wote na wakati mwingine zaidi. Jua haliyafikii. Mbu hawezi kutaga humo. Ng'ombe hawezi kuyachafua. Unaweka pampu ya mkono au unachimba shimo, unachota.

Mwaka wa 1978, huko Kola, karibu na mpaka wa Machakos na Makueni, Joshua Mukusya na marafiki zake wachache walianzisha kikundi cha Utooni. Wakaanza na vitu vidogo, kisha wakaingia kwenye mabwawa ya mchanga, na miaka ikienda kikundi kikawa shirika lililosaidia vikundi vingine vingi vya Ukambani kujenga. Kitui, miaka ya 1990, shirika la SASOL, lililoanzishwa na Profesa Gideon-Cyrus Mutiso na wenzake, likachukua wazo hilo hilo na kulifanya kwa wingi, bwawa baada ya bwawa kwenye mto mmoja, hadi yakapita 500.

Na nani alilipia simiti? Hapa ndipo hadithi inaponoga. Mmoja wa wafadhili wa Utooni na wa SASOL alikuwa Mennonite Central Committee, shirika la Wamennonite wa Amerika Kaskazini. Wamennonite ni kanisa dogo lenye historia ya kuteswa na Wakatoliki na Waprotestanti wote kwa pamoja huko Ulaya karne ya 16, kwa sababu walikataa kubatiza watoto na kukataa kushika silaha. Ukambani hawana waumini wa kuhesabu. Kwa hiyo hawakuwa na kituo cha kulinda wala bonde la kushindania. Walileta simiti na nondo, na wanakijiji wakaleta mawe, mchanga, maji na mikono. Upande mwingine Waanglikana walikuwa na Ukamba Christian Community Services, ambayo leo ni Anglican Development Services Eastern, na Wakatoliki wa Kitui, chini ya Askofu William Dunne na mapadri wa Kiltegan kutoka Ireland, walikuwa na idara yao ya maendeleo. Fulana na mabango yalikuwa tofauti. Kazi ilifanana.

Lakini umoja wenyewe haukuwa wa hao wafadhili. Ulikuwa kwenye mstari wa kupitisha mawe. Kikundi cha mwethya hakiundwi na parokia. Kinaundwa na watu wanaochota maji mahali pamoja. Mwamba ndio unaoamua ukuta ukae wapi, na mwamba haujui kanisa liko upande gani. Maji yanapita kwa wote. Kwa hiyo mstarini unapata mama wa AIC, jirani yake wa jumuiya ndogo ndogo ya Katoliki, mzee wa ABC, msabato ambaye hatakuja Jumamosi na wenzake wanapanga ratiba wakijua hivyo, na yule ambaye hajaingia kanisani tangu harusi yake. Mkutano unafunguliwa kwa sala, anaombwa yeyote aliye karibu. Halafu ni karai baada ya karai, na sufuria ya muthokoi inatokota kando.

Hebu tusiifanye kuwa peponi. Wengi wa hao kwenye mstari ni wanawake, na kwa muda mrefu daftari la kikundi lilishikwa na mwanamume. Tena makanisa yenyewe hayakuacha kugombana. Mwaka wa 1986, wakati serikali ya Moi ilipoleta kura ya mlolongo, NCCK iliipinga, na AIC, kanisa la Rais na kanisa kubwa la Ukambani, ikajitoa katika baraza hilo. Juu, umoja ulivunjika kwa sababu ya siasa. Lakini mwaka huo huo wa 1986 Wakatoliki na Waprotestanti walianzisha pamoja MEDS, ghala la dawa kwa hospitali na zahanati za makanisa. Dawa zile zile zinaweza kwenda kwa masista wa Mutomo, Kitui, na kwa hospitali ya AIC Kijabe. Mwaka mmoja, milango miwili: mmoja umefungwa kwa kishindo mbele ya kamera, mwingine umefunguliwa kimya kimya kwa ajili ya vidonge vya malaria. Ule wa pili ndio bado uko wazi.

Nadhani kuna kanuni hapa. Madhehebu yakikutana kujadili nani yuko sawa, au nani yuko karibu na Ikulu, yanagawanyika. Yakikutana kwenye kitu kinachoweza kuhesabiwa, mifuko ya simiti, dozi za dawa, siku za kazi, yanavumiliana, kwa sababu kila mtu anaona nani amefanya na nani amekwepa. Mwethya ni uwajibikaji kabla halijawa neno la semina. Linganisha na harambee ya kanisani jinsi tunavyoijua sasa: mwanasiasa anaingia katikati ya ibada, bahasha inanyanyuliwa, watu wanapiga makofi. Mwaka wa 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwazuia wanasiasa kuhutubu kwenye madhabahu ya Kianglikana. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza pesa za mchango wa Rais zirudishwe. Kati ya matukio hayo mawili, vijana wa 2024 walikuwa wameshasema barabarani walichofikiria kuhusu bahasha hizo. Bahasha inamfanya mmoja kuwa mkubwa na wengine kuwa hadhira. Kwenye mstari wa mawe hakuna hadhira.

Na hapa hadithi inatufikia sisi wa mjini, kwa njia ambayo haipendezi. Kile kinachofanya bwawa lifanye kazi ni mchanga. Na mchanga wa mito ya Makueni na Machakos ndio uliojenga Nairobi. Lori huja usiku, vijana wa kijiji wanapakia kwa malipo kidogo, asubuhi mto umebaki mwamba mtupu. Bwawa likinyang'anywa mchanga linakuwa ukuta tu. Maghorofa tunayokodisha, vyumba vyetu vya kulala kimoja na kodi isiyoshuka, vina maji ya mtu ndani ya kuta zake. Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka wa 2015, mwaka ule ule iliotunga kanuni za mfuko wa kaunti wa mabadiliko ya tabianchi. Sheria ni nzuri. Lakini askari wa kaunti hawezi kulala kwenye kila mto. Anayelala karibu na mto ni yule mama wa mstarini, na ukuta utabaki na mchanga wake ikiwa yeye na majirani zake bado wanaitana.

Je, bado wanaitana? Wengi wa watoto wao wako hapa, na wengi wetu kanisani tunaonekana Krismasi. Misaada ya nje nayo haitabiriki. Januari 2025 Marekani ilisimamisha yake kwa saini moja, na mashirika mengi ya makanisa yakaanza kuhesabu siku. Simiti inaweza kukosekana. Lakini simiti haikuwa sehemu ngumu. Sehemu ngumu ilikuwa kumfanya mtu aliyefundishwa kwamba jirani yake ataenda motoni amkabidhi jiwe mkono kwa mkono, bila kuliangusha, mara elfu moja kwa siku, kwa miezi. Walifanikiwa bila mkataba wowote wa kiteolojia, na kuta zao ziko pale za kushuhudia.

Mvua ya Oktoba hadi Desemba ndiyo ambayo Ukambani huitegemea zaidi. Kabla haijaanza, kuta zinahitaji kukaguliwa: nyufa zizibwe, kingo ziimarishwe kwa mawe, nyasi zipandwe ili mto usizunguke pembeni. Kazi hiyo haihitaji askofu wala mfadhili. Inahitaji mikono, na ukienda ushago kipindi hicho, hakuna atakayekuuliza unasali wapi kabla ya kukupa karai.